Chakula Kilichosindikwa ni Kipi Hasa?

Siku hizi hauishi mwezi bila taarifa ya habari kusema kwamba watafiti wamehusisha vyakula vilivyosindikwa na kisukari, maradhi ya moyo au uzito uliopitiliza. Taarifa yenyewe husomwa kwa nusu dakika, kisha tunaletewa hali ya hewa. Wewe unabaki na sufuria yako jikoni ukijiuliza: hiki ninachokipika kimo au hakimo? Unga umepita mashineni. Dagaa wamekaushwa juani. Maziwa yamechemshwa kiwandani yakatiwa pakiti. Chumvi imeongezwa madini joto, mafuta yamekamuliwa na kusafishwa. Kama kusindika ni kukibadilisha chakula kutoka kilivyokuwa shambani au baharini, basi mlo usiosindikwa ni embe lililodondoka likaliwa palepale chini ya mti.

Swali hilo ni la haki kabisa. Wenye kulijibu ni watafiti wa lishe, kwa sababu wao ndio wanaoamua chakula gani kiingie fungu gani kabla ya kuhesabu mgonjwa hata mmoja. Jioni hii nitakueleza wanavyoamua, wanapokubaliana na wanapogombana, na kwa nini nadhani uamuzi huo unatuhusu sisi tunaokula kwenye vibanda na kununua kwa kupimiwa.

Twende kwanza Brazil, maana mgawanyo unaotumika zaidi duniani leo ulizaliwa huko. Carlos Monteiro ni daktari na mtafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo. Alipoanza kazi katika miaka ya 1970, shida iliyokuwa mbele yake ilikuwa utapiamlo: watoto waliodumaa, nyumba zenye chakula kisichotosha. Miaka ikapita, mambo yakageuka. Unene ukaenea mijini na vijijini, kwa matajiri na kwa maskini. Mafundisho ya wakati ule yalikuwa wazi: mkosaji atafutwe kwenye sukari, chumvi na mafuta. Monteiro na wenzake wakazichukua takwimu za serikali za manunuzi ya kaya, zile tafiti zinazoingia nyumba kwa nyumba kuuliza nini kimenunuliwa na kwa kiasi gani. Wakaona jambo lililowashangaza. Kadiri miongo ilivyosogea, Wabrazili walikuwa wakinunua sukari pungufu, mafuta ya kupikia pungufu, chumvi pungufu. Wali na maharage, chakula chao cha kila siku, navyo vilikuwa vikipungua. Na watu walizidi kunenepa.

Sukari haikuwa imehama nyumbani. Ilikuwa ikirudi ndani ya soda na biskuti. Mafuta na chumvi yalikuwa yakirudi ndani ya soseji, tambi za haraka na vitafunwa vya pakiti. Kilichopungua kilikuwa upishi. Hapo Monteiro akaanza kuzisoma takwimu zile kwa jicho jingine: kilo ya sukari kabatini ikawa dalili kwamba katika nyumba ile bado kuna mtu anapika. Mimi naiona hatua hiyo kuwa kubwa kuliko mambo mengi yaliyoandikwa juu ya lishe katika miaka hii. Kwa miongo mingi tulifundishwa kukipima chakula kwa kilichomo ndani yake, gramu za hiki na miligramu za kile. Yeye akauliza kimefanywa nini, na nani, kwa kusudi gani, kabla hakijafika mdomoni.

Mwaka 2009 alichapisha hoja hiyo katika jarida la kitaalamu la lishe ya jamii, na kutoka hapo ukajengwa mgawanyo unaoitwa Nova. Mwaka 2014 Wizara ya Afya ya Brazil ikautumia kuandika mwongozo wa taifa wa ulaji. Mwongozo huo unawaambia wananchi kwa lugha nyepesi wapike, wale pamoja, na wavikwepe vyakula vya kundi la nne.

Kundi la nne ndilo lenye ugomvi wote, lakini huwezi kulielewa bila kupita kwa wenzake watatu. La kwanza linakusanya chakula ambacho hakijasindikwa pamoja na kile kilichosindikwa kidogo tu: kukaushwa, kusagwa, kuchemshwa, kugandishwa, kuchachushwa, bila kutiwa chumvi, sukari wala mafuta. Muhogo umo, ndizi zimo, maharage makavu, maziwa ya pakiti, mtindi usio na sukari, na wale dagaa wa juani. La pili ni vitu vya mpishi, ambavyo havikai peke yake kwenye sahani: mafuta, samli, sukari, asali, chumvi. La tatu hupatikana la kwanza linapokutana na la pili. Ng'onda aliyetiwa chumvi yumo humo, samaki wa kopo, jibini, na mkate uliookwa kwa unga, maji, chumvi na hamira.

La nne ni vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Hivi ni michanganyiko ya kiwandani iliyoundwa zaidi kwa vitu vilivyochambuliwa kutoka kwenye chakula au kutengenezwa maabara: wanga uliobadilishwa tabia, protini iliyotengwa, sukari ya maji itokanayo na mahindi, mafuta yaliyogandishwa kwa haidrojeni, halafu rangi, ladha za kutengeneza, vitamu visivyo sukari, na vitu vya kuyafanya mafuta na maji yashikane yasitengane. Wenye Nova wanatoa njia ya kukitambua: soma orodha ya viambato kwenye pakiti, na ukikuta hata kimoja ambacho hakipatikani katika jiko la nyumbani, hicho ni kundi la nne. Soda, biskuti, krispi, soseji, majarini, mtindi wenye ladha ya stroberi, juisi ya unga, vidonge vya kuunga mchuzi, na mikate mingi ya viwandani huangukia humo.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Nova haipimi ubora wa chakula. Chukua unga wetu wa mahindi. Kila mtaalamu wa lishe atakwambia dona ina nyuzinyuzi na vitamini nyingi kuliko sembe, kwa sababu sembe imekobolewa, pumba na kiini vikaondoka. Kwa Nova zote mbili zimo kundi la kwanza, sako kwa bako. Hata sembe iliyoongezwa virutubishi kiwandani inabaki hapohapo. Chipsi za kibandani, kiazi kilichomenywa asubuhi kikakaangwa jioni, hazifiki kundi la nne hata kama zimelowa mafuta. Kinachofika kundi la nne ni ile sosi nyekundu inayomiminwa juu yake, ikiwa imetengenezwa kwa wanga, rangi na ladha badala ya nyanya. Andazi la nyumbani, katika hesabu za watafiti, huvunjwavunjwa: unga upande huu, sukari na mafuta upande ule. Lakini mpishi akitia majarini, kijiko hicho cha majarini kinahesabiwa kundi la nne.

Kwa upande mwingine, humo kundi la nne mmekaa vitu tunavyovihitaji. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yamo. Ile lishe ya tiba iliyo tayari kuliwa, ya karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari na vitamini, wanayopewa watoto wenye utapiamlo mkali, nayo kwa kipimo cha viambato inaingia humo. Tangu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameipendekeza kwa matibabu ya watoto hao wakiwa majumbani kwao, na watoto wengi wako hai kwa sababu yake. Mtu anayesema kila kilicho kundi la nne ni sumu hajakutana na mama aliyemwona mwanawe akirudiwa na nguvu kwa pakiti ile.

Je, basi, kundi hili lina maana yoyote kwa mwili, au ni jina tu? Jaribio lililonishawishi mimi ni la Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani, lililochapishwa mwaka 2019. Watu wazima 20 walikubali kukaa ndani ya hospitali ya utafiti huko Bethesda kwa siku 28. Wiki mbili walilishwa vyakula vya kundi la nne, wiki mbili vyakula vilivyosindikwa kidogo, wengine wakianzia huku na wengine kule. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi, hata nyuzinyuzi. Ili nyuzinyuzi zilingane, watafiti walilazimika kuzitia kwenye vinywaji vya upande wa viwandani, maana vyakula vyenyewe vilikuwa na kidogo mno. Kila mmoja akaambiwa ale kadiri apendavyo. Walipokuwa kwenye vyakula vya kundi la nne walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na waliongezeka wastani wa kilo 0.9. Walipokuwa kwenye vyakula vya kawaida walipungua kiasi hichohicho. Walionekana pia kula kwa kasi zaidi vile vya viwandani. Ni laini, vinateremka upesi. Watu 20 ni wachache na wiki mbili ni muda mfupi. Lakini kumbuka kwamba sukari, mafuta na chumvi vilikuwa sawa mezani, na bado watu wakala zaidi. Kama tungepima virutubishi peke yake, tofauti ile isingekuwa na maelezo.

Pamoja na hayo, wanaoipinga Nova nao wana hoja nzito, na sipendi wanavyopuuzwa. Nova siyo mgawanyo pekee. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lina wake. Chuo Kikuu cha North Carolina kina wake. Na uko mwingine wa IFIC, taasisi ya Marekani yenye uhusiano wa karibu na makampuni ya chakula. Mwaka 2021 watafiti wa Hispania walichukua taarifa za ulaji za watu walewale, wazee wenye uzito mkubwa waliokuwa katika utafiti mmoja wa maradhi ya moyo, wakazipitisha kwenye migawanyo yote minne. Kwa Nova, vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi vilikuwa karibu asilimia 8 ya uzito wa walichokula. Kwa IARC vilikuwa karibu asilimia 46. Watu hawakubadilika, wala sahani zao. Mpaka ndio uliosogezwa. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba nchi fulani inakula asilimia kadhaa za vyakula vya viwandani, swali lako la kwanza liwe: kwa mgawanyo upi?

Hata ndani ya Nova yenyewe makubaliano hayajakamilika. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Ufaransa ambamo wataalamu wa chakula na lishe waliombwa kuvipanga vyakula 120 vya madukani, na vingine 111 vilivyotajwa kwa majina tu. Makubaliano kati yao yalikuwa madogo, hata pale walipokuwa na orodha ya viambato mbele yao. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba maelezo ya kundi la nne yanachanganya mambo mawili. Yanataja viambato, ambavyo unaweza kuvisoma, na yanataja kusudi la mtengenezaji: kupata faida kubwa kwa malighafi rahisi, kudumu rafuni, kumvuta mlaji aongeze. Kusudi halipimiki maabara.

Halafu kuna mkate na mtindi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 kutoka kwenye tafiti tatu kubwa za Marekani, zilizowafuatilia wauguzi na wahudumu wengine wa afya kwa miaka mingi, yalionesha kwamba wanaokula zaidi vyakula vya kundi la nne wanapata kisukari zaidi. Lakini kundi lilipochambuliwa ndani, vinywaji vyenye sukari na nyama za viwandani vilikwenda na hatari kubwa, wakati mikate ya nafaka isiyokobolewa, nafaka za kifungua kinywa na mtindi vilikwenda na hatari ndogo. Vyote vinabeba jina moja.

Wapo wanaosema mpaka ukiwa na ukungu kiasi hicho, tuutupe mgawanyo wote. Siafikiani nao. Ufukweni hakuna awezaye kuchora mstari mmoja pale bahari inapoishia, maji hupwa na kujaa. Hata hivyo hakuna mvuvi anayetia nanga nchi kavu. Soda na muhogo haviko karibu na mpaka wowote. Ugomvi ni wa vilivyo katikati, na dawa yake ni kuvichunguza kimoja kimoja, kuvigawa zaidi, na kuwaeleza watu wazi jinsi hesabu ilivyofanywa.

Nirudi kwetu sasa, maana kwetu lipo tatizo ambalo São Paulo hawakulitarajia. Nova inamtaka mlaji au mtafiti asome pakiti. Nani ana pakiti? Mafuta tunapimiwa kwenye chupa ya soda tuliyokwenda nayo dukani. Biskuti zinauzwa moja moja kutoka kwenye kopo. Mkate unakatwa nusu. Sosi ya kibandani imo ndani ya chupa ya kubinya isiyo na maandishi yoyote, na muuzaji mwenyewe aliinunua kwa dumu. Karibu na mlango wa shule, juisi ya unga inakorogwa kwenye ndoo na kufungwa kwenye vifuko vya plastiki. Kwa mtoto, hiyo ni juisi, kama ya ukwaju aliyoikamua bibi yake.

Sasa mfikirie mdodosaji aliyeketi barazani na mama mmoja, akimuuliza amekula nini kwa saa 24 zilizopita. Mama anajibu: chai ya maziwa, mkate na siagi, mchana wali na mchuzi, jioni uji. Mdodosaji anaandika. Mkate upi? Wa ajemi uliotoka kwenye tanuri la jirani alfajiri, au wa slesi uliotoka kiwandani ukiwa na vitu saba vya kuulainisha? Siagi, au majarini ambayo sisi sote tunaiita siagi? Mchuzi umeungwa kwa nyanya, kitunguu na tui, au umetiwa kidonge? Uji ni wa ulezi uliosagwa mtaani, au wa pakiti yenye sukari na ladha ya vanila? Mama angejibu yote hayo vizuri sana, maana yeye ndiye aliyenunua na kupika. Hakuulizwa. Jioni mtu mwingine, mbali na baraza ile, anakaa mbele ya kompyuta na kuukisia mkate kuwa kundi la tatu au la nne. Kisio hilo likizidishwa kwa maelfu ya walioulizwa, ndipo inapatikana ile asilimia itakayosomwa kwenye taarifa ya habari.

Majedwali yetu ya virutubishi vya chakula, la Tanzania la mwaka 2008 na la Kenya la mwaka 2018, ni kazi ya thamani kubwa na yanatupa kalori, protini, madini na vitamini. Yaliandaliwa kujibu swali la kilichomo ndani ya chakula. Swali la kilichofanyiwa chakula linahitaji kazi yake: nani ametengeneza, wapi, kilitoka kwenye pakiti gani, na pakiti ikipatikana, ipigwe picha. Ningependa kuona taasisi zetu za lishe na vyuo vikuu vikiingiza maswali hayo katika kila dodoso, na kuwatuma vijana kwa wauza jumla kusoma madumu na magunia ambayo mlaji wa mwisho hayaoni kamwe.

Naharakisha jambo hili kwa sababu sheria zinakuja, na sheria haisubiri watafiti wamalize kubishana. Colombia ilianza kutoza kodi vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi Novemba 2023, kwa asilimia 10, na kufikia mwaka 2025 ilikuwa asilimia 20. Wakati sheria inapita, baadhi ya nyama za kusindikwa zinazopendwa na watu, mortadela ikiwemo, ziliachwa nje. Jimbo la California la Marekani liliandika maana ya vyakula hivi kisheria Oktoba 2025 kwa ajili ya chakula cha shuleni, likiunganisha mambo mawili: kuwepo kwa viongezwa vya aina fulani, na wingi wa sukari, chumvi au mafuta mabaya. Hapo siasa na sayansi zimekwishakaa meza moja.

Hapa Tanzania, usindikaji ni kazi ambayo serikali inaihimiza. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, limewafundisha akina mama wengi kukausha maembe, kutengeneza achari, kusaga unga wa lishe, kufungasha siagi ya karanga. Siku ikiletwa hoja ya kuvitoza kodi au kuvibandika onyo vyakula vilivyosindikwa, na aliyeiandika akaishia kwenye maneno hayo mawili bila kutaja viambato, atawakamata hao kwanza, maana wao wana anwani, wana lebo, na hawana mwanasheria. Siagi ya karanga iliyosagwa kwa karanga na chumvi ni kundi la tatu. Ile ya kiwandani iliyotiwa mafuta ya kugandishwa, sukari na vishikanishi ni kundi la nne. Makopo hayo mawili yanakaa rafu moja, na tofauti yao iko kwenye mstari wa herufi ndogo upande wa nyuma. Mstari huo ndio unaopaswa kuingia kwenye sheria, na aandikaye sheria aanze kwa kuusoma.